Uzao wa Shaba

Jumamosi, 4 Juni 1955

Watoto watatu leo, wote wazima. Wa mwisho kazaliwa na kidole cha sita mkono wa kushoto. Mama yake akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze, hicho ni kidole, si mkosi. Nimekifunga uzi, kitadondoka chenyewe.

Nilipotoka zamu nikapitia sokoni kununua asali. Muuzaji alikuwa na mbwa. Mwekundu wa rangi ya kutu, ncha ya mkia nyeupe. Nikasimama. Mbwa akajinyoosha na nikaiona miguu ya nyuma: kila mguu una kidole cha ziada kwa ndani, chenye kucha yake. Miguu yote miwili.

Sijaona mbwa wa namna hiyo tangu nina miaka kumi na mitatu. Shaba wetu alikuwa hivyo.

Muuzaji anasema ni uzao wa Mzee Mayunga wa Isikizya. Hafugi aina nyingine, hachanganyi, na hampi kila mtu. Nikaondoka nikiwaza. Asali nimeisahau mezani kwake, ikabidi nirudi kama mjinga.

Jumapili, 5 Juni

Misa nimeisikia nusu. Padre anahubiri, mimi namwona baba akirudi kutoka porini, Shaba mbele yake, kengele ya mti shingoni. Mama alikuwa akiisikia ile kengele anabandika maji kabla hatujawaona. Baba alikuwa mpagazi ujanani, kabla ya reli. Alibeba pembe mpaka pwani mara nne, na habari za njia ile alizirudia mpaka tukazijua kuliko sala. Wapi maji ni machungu. Wapi chifu anataka hongo ya kitambaa. Mbegu ya Shaba, alisema, ilitembea njia yote hiyo na wapagazi, ikilinda mizigo kambini. Ningetoa chochote leo nimsikie akizirudia tena.

Nataka mbwa. Basi, nimeandika.

Jirani yangu Mama Zuhura kacheka sana. Kasema mbwa akilamba ndoo yake, mimi ndiye nitakayeiosha mara saba, moja kwa udongo, naye atakaa kitini anahesabu. Nikamwambia ni kwa ajili ya wezi wa kuku. Uongo. Kuku ninao wawili, na mmoja hatagi.

Jumapili, 12 Juni

Misa ya kwanza, kisha lori la Igunga. Likanishusha Isikizya saa nne. Sipendi malori. Nilikaa nimeshika chuma mpaka vidole vikafa ganzi.

Mzee Mayunga ni mfupi, mkavu, masikio makubwa. Naye ni mpagazi, ila wa vita vya Wajerumani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza maswali kana kwamba nimekuja kuposa. Nyumbani kuna nani? Hakuna, mume wangu alifariki, watoto hatukujaliwa. Zamu zangu ni za saa ngapi? Nikiwa zahanati mbwa atabaki na nani? Atalala wapi, na mvua ikinyesha je? Ananitazama mikono, hanitazami uso.

Kisha akauliza: Mbwa wako wa mwisho alikufaje?

Nikasema alizeeka.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Najua. Sitaki kuandika.

Hakuniruhusu kuwagusa watoto mpaka mama yao aninuse. Mama ni mzuri, macho makavu, manyoya yanang'aa, kidole kipo. Baba yao anafugwa na mtu mwingine mbali, wa uzao huohuo lakini si ndugu wa karibu. Mzee anavikumbuka vizazi vyote kichwani. Kuna jike mmoja alizaa watoto wenye ukungu machoni. Hakumpandisha tena. Alimlisha tu mpaka akafa, miaka minane. Wengine wangemtupa porini, akasema, na akatema mate pembeni.

Watoto ni watano, wana wiki nne. Nikatoa mizani ya zahanati (nimeiazima, Mungu anisamehe), nikawaning'iniza kwenye kanga mmojammoja kama ninavyopima watoto siku ya kliniki. Nikamchagua mzito kuliko wote. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia niminye tumbo. Ngumu, limevimba, mbavu zinahesabika.

"Mama mkunga, huyo hajabeba nyama. Kabeba minyoo. Dawa nampa kesho."

Aibu. Mimi ninayewagombeza akina mama kila Alhamisi kwa matumbo ya namna ileile!

Mbwa wake hanunuliwi kwa hela. Ni pakacha moja la chumvi ya Uvinza, kama enzi za baba yake. Tena hakuna kuondoka naye kabla ya miezi miwili. Nikauliza nilete chumvi lini. Akasema hajakubali bado.

Nimerudi nimechoka na nina furaha ya kitoto. Nimenuka mbwa njia nzima.

Alhamisi, 16 Juni

Chumvi imepatikana. Mpwa wa muuza asali yuko relini, kaileta kwa gari moshi. Imo kwenye pakacha la majani kama zamani, ngumu, ya kijivujivu. Nimelamba kidogo. Nikawa nimekaa jikoni kwa mama, nina miaka sita, nimeiba chumvi. Chozi likanitoka hapohapo, mjinga mimi.

Jumapili, 19 Juni

Nimempata. Jike, wa nne kwa ukubwa. Mzee alinifundisha mwenyewe. Nikadondosha kifuniko cha sufuria nyuma yao: wote wakageuka, kwa hiyo wanasikia. Yule mzito akajificha na hakutoka tena. Huyu akaruka nyuma, akatulia, kisha akarudi kukinusa kifuniko. Anayerudi ndiye mzuri, kasema Mzee. Fizi za waridi. Tumbo laini, kitovu kimefunga. Anatembea sawa. Kalala mapajani kwangu saa nzima.

Mke wa Mzee akatupa michembe ya viazi vikavu na karanga. Tukala. Mzee akaanza kunisimulia uzao huu ulivyofika kwake.

Siwezi kuandika leo.

Jumatatu, 20 Juni

Naandika.

Mzee Mayunga alisema hivi. Mwaka ule serikali ilipowahamisha watu wa ng'ambo ya mto Igombe kwa sababu ya malale, yeye alikuwa na mizinga ya nyuki kule. Kuvuka ilikatazwa. Akavuka. Siku ya saba tangu watu waondoke. Akapita katika kijiji kitupu, milango iko wazi. Akasikia kitu kikikwaruza. Mbwa jike mwekundu, amefungwa kwenye nguzo ya ghala, mifupa mitupu, shingo imechunika. Alikuwa ameila ile nguzo. Kamba haikukatika kwa sababu ilikuwa ya gome zuri, na fundo lilikuwa fundo la mpagazi, lile la kufungia mzigo, ambalo mzigo ukicheza ndipo linapokaza. Kila alipovuta alijikaba.

Mzee akalikata kwa shoka la asali. Akambeba mabegani mpaka kwake, kama mbuzi. Alikuwa na mimba. Alizaa sita, wakapona wawili. Huyo ndiye mama wa wote.

Kisha akasema, na sikio la mtoto wa mbwa liko katikati ya vidole vyangu, kwamba kila mwaka anapogawa watoto humlaani mtu aliyelifunga fundo lile. Mpagazi mwenzangu, alisema. Mtu mzima aliyejua anachofanya.

Kijiji ni Itobela. Ghala ni letu. Niliyefunga ni mimi.

Nina miaka kumi na mitatu. Malori mawili yamesimama, watu wanapandisha vyungu. Aliyesimamia akasema kuku na mbuzi watapanda, mbwa hapana. Shaba alikuwa akilizunguka lori. Baba akaniambia, Tazia, mfunge asije akalikimbilia, nitarudi kumchukua kesho kutwa. Alinituma mimi kwa sababu mafundo yangu yalikuwa mazuri kuliko ya kaka zangu. Alinifundisha mwenyewe, na alikuwa akinisifu mbele ya wageni. Kwa hiyo nilifunga vizuri. Nilitaka anisifu. Sikumwekea maji kwa sababu baba alisema kesho kutwa.

Hatukuruhusiwa kurudi. Baba alijaribu mara moja, akarudishwa njiani. Mwaka uliofuata akafa. Jina la Shaba hakulitaja tena, hata siku moja, wala sisi.

Nimemkasirikia baba miaka ishirini bila kujua ni kwa sababu gani.

Sikujua ana mimba. Mimi, mkunga.

Alhamisi, 23 Juni

Kliniki. Nimemfunga kitovu mtoto wa kwanza leo na uzi ukaniponyoka mara mbili, mwenzangu akaniuliza kama nina homa. Nimesema ndiyo.

Jioni nimekwenda kuungama. Padre akasikiliza akasema nilikuwa mtoto, nilimtii mzazi, na mbwa ni mbwa. Akanipa Salamu Maria tatu. Nimetoka na hasira. Kanisamehe kwa bei ya chini mno, na wala si yeye niliyemkosea.

Ninaloweza kufanya ni rahisi sana. Ninyamaze. Mzee anadhani ni mpagazi fulani, na wapagazi wanakufa kila siku. Chumvi ninayo. Wiki tatu zimebaki, ninamleta nyumbani, namlea kama malkia, nalipa deni kwa njia hiyo. Nani atajua?

Akijua hanipi. Hilo nina hakika nalo. Mtu aliyemlisha mbwa asiyefaa kuzalishwa miaka minane hatampa mtoto wake mtu aliyemwacha mama yao nguzoni.

Namtaka. Namtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu mume wangu afariki.

Jumapili, 26 Juni

Sikwenda Isikizya. Nimejidanganya kwamba lori lilijaa. Lilikuwa nusu tupu.

Mama Zuhura kaleta kipande cha gunia, safi, cha kulalia mbwa. Kasema tusielewane vibaya, si mapenzi, hataki tu aje kuomba kwake. Nimekipokea na nimeshindwa hata kumtania.

Ijumaa, 1 Julai

Nimemwota mama akibandika maji.

Jumapili, 3 Julai

Nimekwenda na chumvi. Nimemwambia.

Njiani nilipanga maneno mazuri. Nilipofika yule mdogo akanijia mbio, anayumbayumba kwa kutikisa mkia, akapanda mapajani, na maneno yote yakapotea. Nikasema tu: Mzee, fundo la Itobela nililifunga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Na mbwa wangu wa mwisho hakuzeeka, nilikudanganya.

Alikuwa akichonga mpini, kisu kikasimama. Kisha akainuka, akamtoa mtoto mapajani kwangu kwa mikono miwili, taratibu, akamrudisha kwa mama yake. Akaenda nyuma ya nyumba.

Nikangoja. Kivuli kikahama kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu. Hakurudi.

Mke wake akanisindikiza mpaka barabarani, amebeba lile pakacha. Akanitwisha. "Mzee kasema uondoke nayo, mwanangu." Sauti yake haikuwa mbaya. Hilo lilinichoma zaidi.

Nimerudi na chumvi kichwani kama mpagazi aliyekataliwa mzigo.

Jumatatu, 4 Julai

Sijutii. 

Najuta. Ningenyamaza, sasa hivi ningekuwa nahesabu siku.

Hapana. Sijutii. Ningemtazama kila asubuhi na ningejua nimemwiba.

Jumapili, 10 Julai

Misa. Kufua. Kuku asiyetaga kachinjwa. Kile kipande cha gunia nimekikunja nikakiweka juu ya kabati, kisha nikakishusha, kisha nikakipandisha.

Leo wametimiza miezi miwili. Watakuwa wanagawiwa. Yule wangu atakuwa kapewa mwindaji wa Nzega huko, na ni sawa, atakuwa na kazi na pori. Namtakia mema. Namwonea wivu huyo mwindaji.

Jumamosi, 16 Julai

Nilikuwa napepeta mchele uani. Mama Zuhura akaita kutoka ng'ambo ya uzio: kuna mzee mwenye tenga anauliza nyumba ya mkunga.

Mzee Mayunga. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Tenga begani, na ndani ya tenga kitu kinalia.

Nikampa shikamoo. Akaitikia, hakukaa. Akaweka tenga chini, hakulifungua, akaanza kukagua nyumba. Akatazama uzio, akasukuma miti miwili mitatu. Akatazama dari la baraza. Akauliza bakuli la maji liko wapi, akanusa mtungi. Akakiona kile kipande cha gunia juu ya kabati kupitia mlangoni. Akaguna.

Kisha akatoa kamba ya gome mfukoni. Mpya, ameisokota mwenyewe. Akanipa. Akasema nifunge lile fundo.

Nilidhani ananiadhibu. Nikaona ni haki yake. Nikafunga kwenye nguzo ya baraza. Mikono imelikumbuka lote, mzunguko, chini, juu, kaza. Miaka ishirini na moja, na vidole havijasahau. Laiti vingesahau.

Mzee akainama akalitazama. Akalivuta. Likakaza. Akalitazama tena, karibu sana, kama mtu anayesoma barua.

"Baba yako ndiye aliyekufundisha?"

"Ndiyo, Baba."

"Na kulifungua, alikufundisha?"

Nikafikiri. Sikuwahi kufikiri. Nyumbani sisi watoto tulifunga tu. Mizigo ilifunguliwa na watu wazima, huko ilikofika.

"Hapana."

Akashika mkono wangu, akaniwekea ncha fupi kati ya vidole. Si kuivuta mbali, akasema, kila mtu anavuta mbali. Ivute kuelekea kwako, halafu chini. Nikavuta. Fundo lote likaachia mara moja, kamba ikadondoka miguuni.

Nilikaa chini pale pale barazani nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya jirani. Mzee alinigeuzia mgongo, akajifanya anatazama uzio. Alipoona nimemaliza akasema miaka yote alimlaani mtu mzima, na mtoto hakuwa ndani ya laana ile, kwa hiyo haikunifika. Akasema pia kwamba bado ana hasira kidogo, nimwache nayo, itaisha.

Akafungua tenga.

Kamba akaikunja akairudisha mfukoni. Pakacha la chumvi akalibeba mwenyewe kutoka jikoni, hakuniuliza. Chai alikunywa vikombe vitatu. Akaniambia nikishindwa kumlea nimrudishe, nisimpe mtu, nisimwache mahali, nimrudishe kwake au kwa mkewe. Nikaapa. Akasema hataki viapo, anataka nimrudishe.

Jumapili, 17 Julai

Amelala kwenye gunia. Asubuhi kala uji na maziwa, kamwaga nusu. Jina bado. Shaba halitatumika, lina mwenyewe.

Kengele ya kwanza ya Misa ikalia. Nikasimama mlangoni na kanga yangu, sijui nifanye nini naye. Mama Zuhura akaniambia mfunge, atatoka, atagongwa. Kasema kwa wema. Nikasema hapana.

Nikaweka maji. Nikafunga lango la uzio, mlango wa nyumba nikauacha wazi. Nikamwambia nakwenda kanisani, nitarudi saa tatu. Alinitazama, akaendelea kutafuna ndala.

Sikusikia neno la padre. Niliwaza barabara, magari, wezi, uzio ule wa miti mibovu. Baada ya Komunyo nikatoka kabla ya baraka, jambo ambalo sijawahi kufanya. Nikatembea haraka, kisha nikakimbia, viatu mkononi, na watu wa mtaa wetu wa Ipuli wanamshangaa mkunga wao.

Nikafungua lango saa tatu kasoro.

Alikuwa kizingitini, amelala, ndala chini ya kidevu. Akainua kichwa. Mkia ukapiga sakafu mara mbili.

Nimerudi, nikamwambia.